Msokoto wa mtutu: pima urefu wa risasi, uzito baadaye

Mteja akiniletea bunduki ya kuwindia na kulalamika kwamba risasi nzito zinatawanyika ovyo, mara nyingi huwa ameshaulaumu uzito. Mimi hutaka kujua urefu.

Mtutu wa bunduki hizi una mifereji inayojisokota kwa ndani. Msokoto wa 1:12 una maana kwamba risasi humaliza mzunguko mmoja kwa kila inchi 12 inazosafiri. 1:9 ni mkali zaidi. Bila mzunguko huo, risasi ndefu yenye ncha haitulii. Msukumo wa hewa huikuta mbele ya kitovu cha uzito wake, kwa hiyo hewa hutaka kuipindua. Ikizunguka kwa kasi ya kutosha husimama imara kama pia ya kuchezea inayozunguka. Isipotosha huyumba, na kwenye karatasi ya shabaha huacha tundu refu la ubavu.

Mwaka 1879 George Greenhill, aliyefundisha hisabati Woolwich, Uingereza, alitoa kanuni ambayo mafundi bado tunaitumia kwa makadirio. Zidisha kipenyo cha risasi kwa chenyewe, kisha kwa 150, halafu gawanya kwa urefu, vipimo vyote vikiwa inchi; jibu ni inchi za mzunguko mmoja. Uzito haumo kabisa. Kwa risasi za kasi kubwa wengi wetu huweka 180. Risasi ya kipenyo cha 0.243 na urefu wa inchi 1 inataka takriban 1:10.6, ikiwa na urefu wa 0.85, hata 1:12 inaitosha.

Tofauti hiyo ndogo iliamua biashara huko Marekani. Mwaka 1955 kampuni ya bunduki ya Winchester walitoa katriji (ganda, baruti na risasi kwa pamoja) ya .243 kwa mitutu yenye msokoto wa 1:10, na washindani wao Remington wakatoa .244 kwa mitutu ya 1:12. Kipenyo cha risasi kilikuwa kilekile. Remington waliwafikiria zaidi wawindaji wa wanyama wadogo, wakaishia kwenye risasi fupi za greni (kipimo cha uzito wa risasi) 75 na 90. Lakini wanunuzi walitaka bunduki moja ya kazi zote, kulungu wakiwemo, na Winchester walikuwa na risasi ndefu zaidi ya greni 100. Mwaka 1963 Remington waliibadilisha jina .244 ikawa 6mm Remington, kwa mitutu yenye msokoto wa 1:9. Soko lilikuwa limeshaondoka. Nionavyo mimi, katriji yenyewe haikuwa na kasoro yoyote.

Je, basi kila mtutu uwe mkali? Hapana. Kwa kasi ya mita 975 kwa sekunde, 1:12 huizungusha risasi karibu mara 192,000 kwa dakika, na 1:9 mara 256,000. Risasi yenye ganda jembamba inaweza kupasuka angani, na isiyo na mizani kamili itaonyesha kasoro yake wazi zaidi. Hata hivyo, nikilazimika kuchagua, huegemea upande wa mkali kidogo, hasa kwa anayewinda kwenye baridi: hewa ya baridi ni nzito na huidai risasi mzunguko zaidi.

Kama hujui msokoto wa mtutu wako, hakikisha bunduki haina risasi, kisha ingiza ufito wa kusafishia wenye mpini unaozunguka na kitambaa kinachobana. Weka alama kwenye ufito, uusukume polepole hadi alama imalize mzunguko mmoja, halafu pima umbali uliosogea.