Nishani katika gemu za wachezaji wengi: dhana potofu na ukweli wake

Waundaji wa gemu wanaoniomba ushauri huja na malalamiko yanayofanana. Gemu imeshatoka, watu wanaipakua, wanacheza siku mbili tatu, kisha hawaonekani tena. Na kabla sijauliza wanaachia hatua ipi, naambiwa kwamba dawa imekwisha kupatikana, nayo ni kuongeza nishani, yaani beji anazopewa mchezaji kwa kutimiza jambo fulani ndani ya gemu. Nikionyesha wasiwasi, hujibiwa kwa sentensi moja ambayo nimeisikia mara nyingi mno, na ambayo naamini imeharibu gemu nzuri kuliko hitilafu za programu.

«Nishani haina madhara, asiyeitaka ataipuuza»

Katika gemu ya mchezaji mmoja, kauli hii ina ukweli mwingi. Mtu akiamua kuvuka msitu mzima kwa kisu pekee ili apate nishani, jioni inayopotea ni yake mwenyewe. Katika gemu ya wachezaji wengi mambo ni tofauti, kwa sababu nishani ni agizo: humwambia mchezaji afanye jambo fulani, mara kadhaa, ili atambuliwe. Agizo hilo anapewa mtu mmoja, lakini gharama ya kulitekeleza hulipwa na wenzake walio naye katika raundi, ambao pengine hawajui hata kwamba nishani hiyo ipo. Mchezaji anaweza kuipuuza nishani asiyoitaka, lakini hawezi kumpuuza mwenzake anayeiwinda.

World of Warcraft, gemu ya mtandaoni ya wachezaji wengi, iliingiza mfumo wake wa nishani Oktoba 2008. Mwaka uliofuata, katika sherehe ya Wiki ya Watoto ambayo hufanyika ndani ya gemu hiyo kila mwaka, wachezaji walikuta nishani iliyoitwa School of Hard Knocks. Mchezaji alitakiwa amchukue yatima aliyekabidhiwa, aingie naye katika viwanja vinne ambamo timu za wachezaji hupambana, na katika kila kiwanja atimize tendo moja kwa mkono wake: kufikisha bendera Eye of the Storm, kushambulia kituo Arathi Basin, kushambulia mnara Alterac Valley, na kurudisha bendera iliyoangushwa Warsong Gulch. Nishani hiyo ilikuwa kiungo katika mlolongo wa sherehe za mwaka mzima, na zawadi ya kuumaliza mlolongo ilikuwa joka la zambarau la kupanda, lenye kasi ambayo wakati huo ilikuwa adimu. Kwa sababu hiyo, watu ambao hawakuwahi kupigana na wachezaji wenzao, wala hawakuwa na hamu hiyo, walimiminika viwanjani.

Tuangalie Warsong Gulch peke yake. Kila timu ina watu kumi na bendera moja. Ili bendera irudishwe, ni lazima kwanza adui aichukue, kisha auawe, bendera ianguke chini, na mtu mmoja awahi kuigusa. Nishani inapatikana kwa mguso huo, na kwa mtu huyo mmoja tu. Aliyeihitaji hakuwa na sababu ya kuvuka uwanja kwenda kuteka bendera ya upande wa pili, kazi ambayo ndiyo inayoleta ushindi. Alikuwa na kila sababu ya kumfuata mwizi wa bendera na kugombania mguso na watu wa timu yake mwenyewe. Eye of the Storm nako, ambako bendera ni moja na iko katikati, watu walisongamana hapo na kuviacha vituo vinavyoingiza pointi. Wachezaji hao hawakuwa wakorofi. Walitii agizo walilopewa, na wale waliokuwa wakicheza kwa ajili ya ushindi ndio waliolipia.

Team Fortress 2 ya kampuni ya Valve, gemu ya timu mbili zinazopigana kwa silaha, ilikuwa imepitia somo hilo mwaka mmoja kabla. Kati ya wahusika tisa wa gemu hiyo yumo Medic, mtabibu wa timu, ambaye watu wengi hukwepa kumchagua. Mwishoni mwa Aprili 2008 lilitolewa sasisho lenye nishani 36 za Medic pamoja na silaha tatu mpya ambazo zingefunguka kadiri nishani zinavyoongezeka. Nia ilikuwa njema, kwamba watu wampende mtabibu. Siku hizo za mwanzo ungeingia kwenye seva, yaani kompyuta inayowaunganisha wachezaji wa raundi moja, ukakuta karibu timu nzima ni watabibu, kila mmoja ameshika bunduki ya kutibu na hakuna anayekwenda mbele kupigana ili atibiwe. Muda si muda zikazuka seva na ramani maalumu ambako wachezaji wa pande zote mbili waliacha vita kabisa na kupeana zamu za kuuana na kutibiana hadi orodha imalizike. Mwezi Mei 2009 Valve ilianzisha utaratibu mwingine, ambapo silaha humwangukia mchezaji kwa bahati nasibu kadiri anavyocheza.

Hata hivyo, ndani ya zile nishani 36 zimo baadhi ambazo ningependa kila muundaji azisome. Play Doctor hupatikana pale ambapo timu haina mtabibu hata mmoja, mwenzako akapiga kelele kuomba tiba, ukawa wa kwanza kubadili mhusika na kuwa Medic, kisha ukatibu kiasi cha pointi 500 za afya. Grand Rounds inahitaji kuwatibu wenzako 200 baada ya wao kuita. Angalia jinsi zilivyoandikwa: katika zote mbili hesabu haianzi mpaka mwenzako awe na shida. Anayeiwinda Play Doctor analazimika kusikiliza timu yake, na timu iliyokwisha kuwa na mtabibu haimpi hata pointi moja, hivyo wimbi la watabibu haliwezi kutokea kwa ajili yake.

Kwa sababu hiyo nawaomba wateja wangu, kabla nishani yoyote haijaingia katika gemu, waandike kwenye karatasi njia fupi kuliko zote ya kuipata, hata ile ya aibu, kisha wajiulize mchezaji mwingine wa timu hiyo hiyo atajisikiaje akiwa ndani ya raundi ambamo mwenzake anaifuata njia hiyo. Kama jibu ni kwamba ataudhika, nishani ifutwe au iandikwe upya. «Ua maadui kumi kwa bomu katika raundi moja» huzalisha mtu anayeacha lango la timu wazi akisubiri maadui wakusanyike. «Zuia shambulio ukiwa mlinzi wa mwisho aliyebaki» huzalisha mtu anayebaki langoni. Kocha anayemwahidi beki fedha kwa kila goli atakalofunga hana haki ya kushangaa nyavu zake zinapotikiswa, na muundaji wa gemu hana haki hiyo pia.

«Nishani itamfanya mchezaji aipende gemu»

Mwaka 1973 wanasaikolojia Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio walilofanya kwa watoto wa shule ya awali katika Chuo Kikuu cha Stanford, watoto ambao tayari walipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe endapo wangechora. Kundi la pili lilipewa cheti hicho hicho baada ya kuchora, bila kuahidiwa chochote. Kundi la tatu halikupewa kitu. Wiki moja au mbili baadaye, waliokuwa wameahidiwa walichora kwa takriban nusu tu ya muda wa wenzao. Waliopewa kwa kushtukizwa hawakupungukiwa na hamu. Jaribio hilo halikuhusu gemu na limejadiliwa sana tangu hapo, lakini linatosha kumzuia mtu mwangalifu asitangaze orodha ya nishani mia siku ya kwanza kabla mchezaji hajagundua kama gemu yenyewe inamfurahisha. Mwacheni acheze kwanza. Nishani za mwanzo zimjie bila kutarajia, kama salamu ya kwamba jambo alilofanya limeonekana. Na kama watu wanaondoka kwa sababu wanasubiri dakika nne kupata wapinzani, rekebisheni hizo dakika nne. Hakuna nishani itakayomfanya mtu apende kusubiri.

«Zikiwa nyingi na ngumu, watakaa muda mrefu»

Gears of War ya mwaka 2006 ilikuwa na nishani ya kuua wapinzani 10,000 katika mechi za ushindani. Anayeua ishirini kwa mechi anahitaji mechi 500. Gemu iliyofuata ikadai 100,000. Nishani za namna hii huwavutia wachache walioapa kuzimaliza, na baadhi yao hupanga mechi na marafiki wanaokubali kuuawa, jambo linaloharibu maana ya mechi za ushindani. Mchezaji mgeni anayesoma tarakimu hiyo huiona kama ukuta.

Ninachopendekeza ni hatua ndogo zinazoonyesha safari imekwisha kuanza. Watafiti wa masoko Joseph Nunes na Xavier Drèze walionyesha jambo hili mwaka 2006 kwa kadi 300 za wateja wa kuosha magari. Nusu ya kadi zilihitaji mihuri minane; nusu nyingine zilihitaji kumi, ila miwili ilikuwa imeshagongwa. Kazi iliyobaki ilikuwa sawa kabisa, lakini waliomaliza katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 19, na katika la pili asilimia 34.

«Kila mchezaji anapenda nishani»

Richard Bartle, mtafiti na muundaji wa gemu, alishaeleza mwaka 1996 kwamba katika ulimwengu mmoja wa gemu wamo wanaotafuta mafanikio, wanaopenda kuvumbua, waliofuata maongezi na wenzao, na wanaofurahia kuwashinda wengine. Orodha ya nishani inamlisha wa kwanza. Anayecheza karata za mtandaoni kila usiku ili apige soga na binamu yake aliye Muscat habaki kwa ajili ya beji. Anabaki kwa sababu sauti inasikika vizuri na mwaliko unafika.

«Hesabu itunzwe kwenye simu ya mchezaji, ni rahisi zaidi»

Ni rahisi, na itaghushiwa ndani ya wiki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya gemu ya Activision iliwataka wachezaji wapige picha skrini ya televisheni na kuituma kwa posta ndipo watumiwe kitambaa cha nishani; kwa gemu ya Pitfall! ya mwaka 1982 pointi zilizotakiwa zilikuwa 20,000. Walielewa kwamba nishani isiyothibitishwa haina thamani kwa aliyeipata kihalali. Leo seva ndiyo inayoshuhudia raundi, basi seva hiyo hiyo ndiyo itoe nishani, na simu ipokee taarifa tu.

Mpango wa nishani nao uzingatie siku ambayo seva zitafungwa. Huduma za mtandaoni za gemu za Halo kwenye mashine ya michezo ya Xbox 360 zilizimwa Januari 2022, uamuzi ukiwa umetangazwa zaidi ya mwaka mmoja kabla, na waliobakiza nishani za mtandaoni wakapata muda wa kukusanyana na kuzimalizia. Msipoweza kuahidi muda wa namna hiyo, nishani za mtandaoni zisiwe sharti la kukamilisha orodha.