Uyoga Usioujua Umeota Bustanini: Maswali na Majibu

Mvua zikishakolea, bustani ambayo jana ilikuwa na majani matupu leo ina vitu vyeupe, vya njano au vyekundu ambavyo hakuna aliyevipanda. Majibu yaliyo hapa yanasimama juu ya msingi mmoja: kumtambua mgeni huyu ili uishi naye bustanini ni kazi nyepesi; kumtambua ili umle ni kazi nyingine kabisa. Wengi wanaoumia ni wale waliofanya kazi ya kwanza wakadhani wamemaliza na ya pili.

Umetoka wapi, na mimi sikuupanda?

Kuvu ilikuwapo siku nyingi. Unachokiona juu ya ardhi ni tunda lake tu. Mwili wenyewe ni nyuzi nyembamba zilizotambaa ndani ya udongo, kwenye samadi, kwenye kisiki kilichofukiwa au kwenye mizizi ya mti. Unyevu ukitosha, nyuzi hizo hutoa uyoga ili spora, yaani chembe za uzazi, zipeperushwe.

Kuvu husafiri pia na udongo wa magunia, maranda ya mbao na miche. Amanita phalloides, uyoga unaoongoza kwa kuua watu duniani, asili yake ni Ulaya, lakini ulifika Australia na Amerika Kaskazini ukiwa kwenye mizizi ya miti iliyopelekwa huko. Leo huota chini ya mialoni ya mijini, Canberra na Melbourne zikiwamo. Kwa hiyo usijipe moyo kwamba uyoga hatari ni wa msituni tu.

Je, nikiugusa nitadhurika?

Kwa kawaida hapana. Sumu za uyoga hudhuru zikimezwa; hazipenyi ngozi. Shika, geuza, kagua, kisha nawa mikono kwa sabuni. Hata ule Amanita niliotaja hauui kwa kuguswa.

Kuna tahadhari mbili. Ya kwanza ni Trichoderma cornu-damae, kuvu nyekundu inayochomoza kama vidole au matawi ya matumbawe, iliyowahi kuonekana Japani, Korea, Indonesia na kaskazini mwa Australia. Hii inasemwa kuwasha ngozi hata kwa kuguswa, na imewahi kuua watu walioila. Ya pili ni vumbi: uyoga wa duara uliokomaa ukibonyezwa hutoa wingu la spora, na mtu akilivuta kwa wingi mapafu yanaweza kuugua. Mwenye pumu asiupige teke, na watoto wasifanye mchezo wa kupulizana.

Nikitaka kuutambua, nitazame wapi?

Chini. Picha nyingi za uyoga hupigwa kutoka juu, zikaonyesha kofia peke yake, na kofia ndiyo sehemu yenye udanganyifu kuliko zote: mvua huosha magamba yake, jua hufifisha rangi, na umri hubadilisha umbo.

Usiukate wala kuung'oa kwa kuvuta. Chukua kisu, kata udongo kwa kuuzunguka sentimita chache kutoka kwenye shina, kisha unyanyue mzima pamoja na kitako chake. Pangusa udongo polepole. Ukiona kitako kimekaa ndani ya kifuko cheupe chenye kingo zilizochanika, simama hapo: hiyo ni alama ya jamii ya Amanita, na ndiyo inayobaki ardhini mtu anapochuma kwa haraka. Panda juu kidogo utazame kama shina lina pete, yaani ngozi laini iliyolizunguka. Kisha geuza kofia. Je, chini yake kuna mikunjo myembamba iliyosimama wima, au vitundu vidogo, au miiba? Mikunjo imeshikana na shina au imeachana nalo? Kwaruza kidogo kwa ukucha uone kama panabadilika rangi. Uyoga uitwao Agaricus xanthodermus, mweupe na wa kuvutia, hugeuka njano kali kitakoni na kutoa harufu ya dawa ya hospitali. Ukiuonja tumbo litakusokota.

Baada ya hapo chukua rangi ya spora. Kata shina, laza kofia kifudifudi juu ya karatasi ambayo nusu ni nyeupe na nusu ni nyeusi, funika kwa bakuli, acha hadi asubuhi. Utakuta mchoro wa unga. Ukiwa mweupe, Amanita na Lepiota, jamii nyingine yenye uyoga wa sumu, bado wamo kwenye orodha ya unaowashuku. Ukiwa wa kahawia ya kutu, wamo Galerina na Cortinarius, ambao baadhi yao huharibu ini au figo. Waridi, zambarau iliyokolea, nyeusi: kila moja hupunguza orodha. Lakini hakuna rangi inayomaanisha "salama", na hilo watu hulisahau haraka.

Nyasi zangu zina uyoga mkubwa mweupe, mnene, unaonekana mtamu. Ni upi huo?

Katika maeneo ya joto, wa kwanza kumshuku ni Chlorophyllum molybdites. Kofia yake inaweza kufika sentimita 30, nyeupe, yenye magamba ya kahawia katikati, na mara nyingi huota kwa kupanga duara kwenye nyasi. Ukiwa mchanga mikunjo yake ni myeupe, ndiyo maana hudanganya. Ukikomaa huingia ukijani wa kijivu, na unga wa spora zake ni wa kijani. Rangi hiyo ni adimu sana kwa uyoga, basi hapa kipimo cha karatasi kinafaa kweli.

Nchini Marekani ndio unaolalamikiwa zaidi katika vituo vya ushauri wa sumu. Aghalabu hauui mtu mzima mwenye afya, ila kutapika na kuharisha kwake kunaweza kumlaza mtu kwenye dripu. Kuna wanaoufananisha na uyoga wa mchwa. Huo wa mchwa shina lake huendelea chini ya ardhi kama mzizi mrefu hadi kwenye kiota cha mchwa, na spora zake ni waridi hafifu.

Na vile vyenye maumbo ya ajabu?

Hivi ndivyo hutisha watu zaidi, na mara nyingi ndivyo vyenye madhara madogo.

Kitu chekundu chenye umbo la wavu au mikono ya pweza, chenye ute mweusi unaonuka mzoga, ni wa jamii ya Clathrus au ndugu zake. Harufu hiyo ni mtego: nzi huja, hutua kwenye ute, huondoka na spora miguuni. Haudhuru mimea, ila mbwa hupenda kuula ukamsumbua tumbo.

Rojo la njano lililomwagika juu ya maranda, ambalo kesho yake limesogea, ni Fuligo septica. Hata si kuvu. Ni kiumbe cha kundi jingine kinachotambaa kikila bakteria. Likikauka huwa vumbi linaloweza kumchokoza mwenye pumu, kwa hiyo liondoe lingali bichi.

Vikombe vidogo vyenye vitu kama mbegu ndani ni Cyathus: tone la mvua likidondokea humo, vile vya ndani huruka nje. Uyoga mdogo wa njano kama ndimu unaoota ndani ya chungu cha maua ni Leucocoprinus birnbaumii. Mmea wako hauna shida, bali mtoto asiutie mdomoni.

Nimefukua kitu cheupe kama yai. Ni nini?

Kipasue katikati, kutoka juu hadi chini, utazame kilichomo. Ukiona ute mzito umezunguka kitu kilichojikunja, ni kichanga cha ule unaonuka. Ukiona nyama nyeupe tupu isiyo na mchoro wowote, huenda ni uyoga wa duara ambao bado ni mchanga. Ukiona umbo la uyoga mdogo limejichora ndani, kofia yake, shina lake, basi huenda umeshika Amanita ambaye hajafunguka. Na ukiona kiini cheusi au cha zambarau chenye ganda nene, huyo ni Scleroderma, naye ana sumu. Kwa nje hawa wote wanaweza kulingana.

Je, vipimo vya nyumbani vinasaidia? Kitunguu saumu, sarafu ya fedha, mchele?

Hapana, hata kimoja. Sumu haibadilishi rangi ya sarafu wala ya mchele. Kwamba konokono au sungura ameula si ushahidi, maana wanyama hao huweza kuhimili sumu inayomuua binadamu. Kwamba kofia inamenyeka kirahisi si ushahidi. Weupe pia si usafi: baadhi ya Amanita wanaoua ni weupe wote. Sumu ya Amanita phalloides haiharibiwi kwa kuchemsha, kukaanga, kukausha wala kugandisha, na nusu ya kofia inaweza kutosha kuua. Tena waliouonja wakapona husimulia kwamba ulikuwa mtamu.

Simu yangu ina programu ya kutambua uyoga. Niiamini?

Itumie kwa udadisi. Utafiti uliofanywa Australia na kuchapishwa 2023 ulijaribu programu tatu za aina hiyo, na iliyofanya vizuri kuliko zote ilipatia karibu nusu tu. Kwa kujua jina la mgeni wa kwenye nyasi, si haba. Kwa kuamua chakula, ni kamari. Ukitaka jibu la uhakika peleka uyoga wenyewe, mzima, kwa mtaalamu wa kuvu wa chuo kikuu au bustani ya mimea, pamoja na picha ya mahali ulipoota na mti uliokuwa jirani.

Mtu nyumbani ameula. Nifanye nini?

Mpeleke hospitali sasa, hata kama hana dalili. Usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta. Kama ni mtoto, mtoe mabaki mdomoni kwanza. Beba uyoga uliobaki kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu kwenye plastiki huoza haraka. Hata maganda ya jikoni au matapishi yana faida. Andika saa aliyokula na saa dalili zilipoanza.

Saa hizo mbili humsaidia daktari kuliko maelezo yako ya rangi. Kutapika kukianza ndani ya saa moja hadi tatu, mara nyingi ni sumu ya tumbo. Jasho jingi, mate, machozi na mapigo ya moyo kupungua ndani ya saa mbili huashiria sumu iitwayo muskarini, na ipo dawa yake hospitalini. Lakini tumbo likianza kuuma na kuharisha saa sita au zaidi baada ya kula, hali hiyo ichukuliwe kuwa ya hatari hadi ithibitike vinginevyo. Dalili za mapema nazo zisikutulize ikiwa sufuria ilikuwa na aina mbili au tatu. Mmoja unaweza kutapisha mapema na mwingine ukafanya kazi yake kimyakimya.

Sumu ya Amanita phalloides huzuia seli kunakili maelekezo ya kutengeneza protini, na ini ndilo linaloumia zaidi. Ugonjwa huwa na hila: siku ya pili kuharisha hupungua, mgonjwa huomba chakula, familia hushukuru na kutaka kurudi nyumbani, ilhali vipimo vya ini vinapanda. Siku ya tatu na kuendelea macho huwa manjano, damu haigandi vizuri, mgonjwa huanza kuchanganyikiwa. Akiruhusiwa kuondoka siku ya pili bila kupimwa ini, kataa.

Sehemu ya sumu hutoka kwa mkojo, na sehemu nyingine huzunguka kati ya ini na utumbo kupitia nyongo. Ndiyo maana hupewa maji mengi ya dripu na mkaa wa tiba mara kwa mara, pamoja na dawa nyingine za kulinda ini. Desemba 2016, kaskazini mwa California, watu 14 waliugua kwa uyoga huu. Wote walinusurika, lakini watatu walihitaji kupandikizwa ini. Waliokula chungu kimoja waende wote, hata anayesema yeye yuko sawa.

Cortinarius wanaoharibu figo hukawia zaidi: siku kadhaa, pengine wiki mbili. Mtu akianza kuwa na kiu kali na mkojo kupungua, akumbuke alichokula zamani kidogo, akamwambie daktari.

Mboga zilizoota karibu na uyoga zina sumu?

Hapana. Sumu haihami kwenda kwenye mchicha. Osha kama kawaida.

Nitauondoaje?

Kama huna mtoto mdogo wala mbwa, si lazima. Hukauka wenyewe baada ya siku chache, na nyuzi zake zinakusaidia kuozesha majani makavu. Kama unao, pita bustanini kila asubuhi msimu wa mvua, ung'oe na kitako chake, utie kwenye mfuko uliofungwa na kutupa. Dawa za kuua kuvu ni hasara: hazizifikii nyuzi zilizo ndani ya udongo. Punguza kumwagilia, toa visiki na mbao zilizofukiwa.

Kuna mmoja ambaye hafai kuachwa bila kukaguliwa ingawa hamdhuru anayemgusa. Ni ule mgumu kama ubao unaochomoza kama rafu kwenye shina la mti hai, hasa karibu na mizizi, wa jamii ya Ganoderma. Kuuvunja hakusaidii, maana uozo umeshaingia ndani ya mti. Ikiwa mti huo umeinamia nyumba au mahali watoto wanapochezea, mwite mkata miti aukague kabla ya upepo wa msimu ujao.