Tana River: Kabla Hujauliza Mvua, Uliza Mto Uko Mbali Kiasi Gani

Watu wakishajua nafanya kazi ya tahadhari ya majanga kule chini, swali huwa ni lile lile: eti Tana River maisha ikoje? Na mimi huuliza, Tana River ya wapi? Si maringo jamani. Ni vile mtu wa Ngao kule chini kando ya mto na mtu wa Bangale kule juu pakavu wako kaunti moja, gavana wao mmoja, lakini ukibadilisha nyumba zao kwa wiki moja tu kila mmoja atakuuliza hapa watu wanaishije.

Tuanze na hesabu kidogo halafu tuiache. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 315,943 ndani ya kaunti yenye kilomita za mraba zaidi ya 35,000. Ukigawa unapata kama watu 9 kwa kila kilomita ya mraba. Sasa hiyo 9 ndio namba inayodanganya watu wa ofisini kuliko zote, manake mtu wa Nairobi anaiona anadhani watu wametawanyika huko sawasawa kama mbegu shambani. Hakuna. Watu wameshikana na mto. Ukipita juu na ndege unaona mstari wa kijani unapinda pinda kutoka Madogo, unashuka Bura, Hola, Wenje, Garsen mpaka Kipini mto unapoingia baharini, na pembeni ya huo mstari ni kijivu mpaka macho yachoke. Vijiji vingi vya Wapokomo viko ndani ya huo mstari. Waorma na Wawardei na mifugo yao wako kwenye ile kijivu, wanakuja mtoni na kurudi kulingana na msimu. Wako pia Wamunyoyaya, Wamalakote, Wawaata na wengine. Kwa hiyo kipimo changu mimi ni kimoja, mtu huyu yuko umbali gani na mto? Ukishajua hilo utabahatisha vizuri tu anakula nini, mtoto wake ataugua ugonjwa gani, na mwezi gani atakuwa na shida.

Chukua aliye karibu. Huyu analima ukingoni, mahindi, ndizi, mchunga, kunde, mpunga kwenye mabonde yanayoshika maji, na miembe ya babu yake iko pale, ngowe na boribo. Jioni sima na kambare. Kilimo chake hakitegemei mvua ya pale, na hii ndio watu wa nje hawaelewi, kule ndani mvua ni kidogo mno huwezi kuitegemea. Kinachomlimia ni mafuriko. Mto kwa kawaida yake hupanda mara mbili kwa mwaka, Aprili hadi Juni na tena Novemba na Desemba, unamwaga maji na tope shambani, unarudi, mtu anapanda kwenye unyevu uliobaki. Ndio, mafuriko ni baraka. Mwambie hivyo mtu ambaye nyumba yake imesombwa atakutukana, lakini muulize babu yake.

Kilichobadilika ni mabwawa ya juu. Kindaruma ilifunguliwa 1968, ikafuata Kamburu, Gitaru, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Hayo matano yamepangana kama ngazi kwenye mto mmoja, na yanawapa umeme watu wengi sana nchini. Huku chini yamefanya mambo mawili. La kwanza, yale mafuriko madogo ya kila mwaka yamepungua na tope nyingi inabaki kwenye mabwawa, kwa hiyo shamba halipati mbolea yake ya bure kama zamani. La pili, na hili ni maoni yangu baada ya kutembea vijiji vingi, miaka mingi ya utulivu imewafanya watu wajenge chini zaidi. Mzee alikuwa anajenga kwenye mwinuko, mjukuu amejenga bondeni kwa sababu tangu azaliwe hajaona maji pale. Halafu yanakuja yale makubwa, kama ya 1997 na 1998, 2018, mwisho wa 2023, Aprili na Mei 2024, na bwawa halizuii maji ya aina hiyo, likijaa linamwaga tu.

Sasa sikia vizuri hapa, hii ndio sehemu nataka ubaki nayo. Mafuriko ya Tana River mara nyingi yanakuja jua likiwaka. Maji yake yameanzia Aberdare na Mlima Kenya, yanatembea siku kadhaa mpaka yakufikie, na juu yako hakuna hata wingu. Nimewahi kukaa na mzee mmoja kando ya mto karibu na Garsen, jioni, amechomeka kijiti kwenye tope pale maji yanapogusa ardhi. Ni kijiti cha kawaida tu, amekikata alama kwa panga. Nikamuuliza mzee hiki cha nini, akasema mwanangu asubuhi nikikuta kimelowa mpaka alama ya pili naamsha watoto tunahamisha mahindi. Nikamwambia Masinga imeanza kumwaga tangu juzi. Akaniangalia kama mtu aliyeletewa barua imechelewa, akasema basi hiki kijiti kinanidanganya, akainuka hapo hapo akaenda kuita watu.

Kwa hiyo ukisikia kwa redio ati Masinga imefika mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari, hiyo ndio kujaa, na wewe uko Wema au Mnazini au Idsowe, usitoke nje kuangalia mawingu. Anza kusogea. Na kuna mtego mwingine, mtu akisikia Masinga bado haijajaa analala usingizi, kumbe kuna mito ya upande wa Meru na Tharaka kama Mutonga na Kathita inaingia Tana chini ya mabwawa yote. Hiyo hakuna anayeifunga. Ikinyesha sana huko maji yanakuja na Masinga iko nusu. Uliza habari zote mbili, na ukiwa na jamaa Garissa mpigie umuulize mto uko wapi leo, manake maji yanapita kwake kabla ya kwako.

Maji ya kunywa ya huyu wa karibu ni ya mto huo huo. Kuhara, kipindupindu wakati wa mafuriko, kichocho kwa watoto wanaoogelea kwenye mifereji, malaria. Halafu mamba. Kina mama wanajua, utaona vijiji vingine wamezungushia miiba pale pa kuchotea, au mtu anachota na kata ya mti mrefu akiwa amesimama mbali na maji. Usiwacheke na usilete pale ndoo yako ukainama, hiyo kata ndefu ina sababu.

Haya, tuondoke mtoni. Enda kilomita thelathini, arobaini, upande wowote. Hapa maji ni bwawa la kuchimbwa la kuvuna mvua, likikauka ni kisima, kisima kikiharibika pampu ni boza la maji, na boza likichelewa ni kutembea. Nyumba ya Kiorma ya kuhama inajengwa na mama mwenyewe, fito zimepindwa, nyasi na mikeka juu, na ikibidi kuhama inabebwa. Chakula ni maziwa, samli, chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha, na unga wa kununua. Huo unga ndio kila kitu. Watu wanadhani ukame unaua kwa kiu. Unaanza kuua sokoni: ng'ombe amekonda bei yake imeshuka, mahindi yamepungua bei imepanda, kwa hiyo mtu anauza ng'ombe yule yule anarudi na gunia pungufu. Mimi nikifika soko la mifugo hata sijaangalia majani, nauliza tu mbuzi mmoja leo anatoa kilo ngapi za unga. Jibu likianza kupungua mwezi baada ya mwezi najua tunaenda wapi.

Mamlaka ya kitaifa ya kukabiliana na ukame hutoa ripoti ya kila mwezi kwa kaunti kama hii, na inaweka hatua, kawaida, tahadhari, hatari, dharura, halafu kupona. Watu wengi wanangoja neno dharura ndio washtuke. Mimi ningekuomba ushtuke kwenye tahadhari, wakati mnyama bado ana nyama na bado anaweza kutembea mpaka sokoni. Kile kipindi cha mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, na waliouza mapema walibaki angalau na pesa, waliongoja wakabaki na ngozi. Najua kusema ni rahisi, ng'ombe si pesa tu, ni mahari, ni jina la mtu. Lakini ndio hivyo.

Kwa watoto kipimo kiko kwenye mkono. Ule utepe wa rangi wa wahudumu wa afya wa jamii, unafungwa juu ya kiwiko kwa mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5, ukisoma chini ya milimita 125 mtoto ana utapiamlo, chini ya 115 ni hali mbaya apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mama akiambiwa namba ya mtoto wake aikumbuke, asiridhike na kuambiwa ati yuko sawa sawa.

Ukame ukikaza, yule wa mbali anakuja kwa yule wa karibu. Kuna njia za mifugo za tangu zamani za kushuka mtoni, zinaitwa malka. Mkulima akifunga malka kwa shamba, au mfugaji akikosa malka akapita kwenye mahindi, hapo pana moto. Kuanzia Agosti 2012 mpaka Januari 2013 kule Delta, mto unapokaribia bahari, waliuawa watu zaidi ya 100, wakiwemo kina mama na watoto, na watu wa nje walisema ni ukabila basi wakafunga kitabu. Siasa ilikuwepo, silikatai. Lakini chini yake kulikuwa na ardhi kubwa ambayo haijapimwa wala kusajiliwa, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 bado haijawafikia wengi pale wanapoihitaji. Malka ikiandikwa kwenye ramani ya kijiji pande zote mbili zikaweka sahihi, hiyo inazuia kuliko mikutano kumi ya amani yenye soda.

Na mathenge nayo. Ule mti uliletwa miaka ya 1980 maeneo ya Bura na Hola ili watu wa skimu za kumwagilia mashamba wapate kuni na ardhi isipeperuke, leo umefunga malka, umefunga mashamba, mwiba wake unatoboa mpaka tairi la bodaboda. Mbuzi wanakula maganda yake matamu na meno yanaharibika. Tunachoma makaa, unachipuka tena.

Skimu zenyewe nitazipitia haraka tu. Hola ilianza wakati wa mkoloni kwa jasho la wafungwa, na ni pale Machi 3, 1959 wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo. Bura ikaja baadaye ikaleta wakulima kutoka pembe nyingi za Kenya, ikawa ni ya pamba kwanza, na kwa miaka mingi ilisumbuliwa na gharama ya kusukuma maji kwa dizeli. Pampu ilipozima, mkulima wa Bura aliye karibu na mto aligeuka ghafla kuwa mtu wa mbali, ule umbali wangu si wa kilomita pekee.

Barabara pia. Mafuriko ya 2023 na 2024 yalikata pale Gamba kuelekea Lamu, na kule juu Madogo na Garissa zikatenganishwa na maji, watu wakavuka kwa boti na wengine hawakufika. Embe za ngowe huiva kuanzia Novemba, msimu ule ule wa maji ya vuli. Lori la Malindi lisipofika utaona embe zimepangwa kando ya barabara zimegeuka nyeusi, nyuki wamejaa, na mwenyewe amekaa kivulini hata hafukuzi.

Kuna kitu kimoja kinaunganisha wa karibu na wa mbali na watu hawakitarajii. Maji yakishaondoka mtoni na kubaki kwenye madimbwi, mayai ya mbu yaliyolala kwenye udongo mkavu miaka na miaka yanaanguliwa. Hapo ndio homa ya Bonde la Ufa inaweza kuamka. Mwisho wa 2006 na mwanzo wa 2007 ilipita Garissa, Tana River na kwingine, zaidi ya watu 150 wakafa nchini. Dalili ya kwanza haionekani hospitali, inaonekana zizini: kondoo na mbuzi wengi wanaharibu mimba karibu kwa wakati mmoja, vitoto vichanga vinakufa. Mtu amekaa miezi bila nyama, anaona mbuzi anadhoofika, anasema tumchinje kabla hajafa. Hapana. Usimchinje, usimkamue ukanywa maziwa mabichi, usishike kile kijusi kwa mkono mtupu hata kama ni kukitupa tu, tafuta gloves au angalau mfuko wa plastiki usiotoboka. Weka panga chini, piga simu kwa afisa wa mifugo wa wadi yako, na kama simu haina chaji mtume kijana na bodaboda, kisha uliza majirani wangapi mbuzi wao wametupa mimba wiki hii.