Je, wajua? Kwa nini gari lililokwama kwenye theluji linaweza kukuua na hita inapuliza vizuri tu

Dhoruba ya theluji imekukuta barabarani, gari haliendi mbele wala nyuma, unawasha injini upate joto huku unasubiri msaada. Baridi inaua, hilo halina ubishi, ila kuna watu wanakutwa wamekufa ndani ya gari lenye joto kabisa, na maelezo yanayotolewa haraka haraka ni kwamba "hewa iliisha humo ndani".

Haikuisha. Kwa kawaida marehemu alikuwa anavuta oksijeni ya kutosha mpaka mwisho, na hapo ndo pa ajabu. Ubaya wa hilo wazo la hewa kuisha ni kwamba linakufanya usubiri kubanwa pumzi ndo ushtuke, na pumzi haibani, maana ile hamu kali ya kuhema inaletwa zaidi na kaboni dioksidi ikijaa mwilini, na hapa haijajaa. Kinachokuja ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi, yani unaweza kudhani ni mafua tu ukalala, basi.

Muuaji ni kaboni monoksidi iliyo kwenye moshi wa injini, haina rangi wala harufu. Theluji ikiziba ekzosi, moshi unarudi chini ya gari na kupenya ndani.

Sasa kwenye damu, chukulia kila hemoglobini, ile protini inayoipa damu wekundu, ni teksi yenye viti vinne inayobeba oksijeni kutoka mapafuni kwenda kuishusha mwilini. Kaboni monoksidi inaingia inakaa, na inaking'ang'ania kiti zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo hata ikiwa chache hewani, taratibu inajaza viti. Hiyo bado ni nusu ya balaa. Abiria mmoja wa hivyo akishakaa, oksijeni zilizobaki kwenye teksi hiyohiyo nazo zinagoma kushuka, zinafika kituoni, zinazunguka, zinarudi zilikotoka, na ubongo na moyo vinasubiri mzigo ambao umepita mlangoni.

Kwa hiyo ukikwama, baki kwenye gari, washa injini kama dakika 10 tu kila saa, na kabla ya kuwasha shuka ufukue theluji kwenye ekzosi, kila mara, sio mara ya kwanza tu, maana upepo unairudisha. Fungua kidogo dirisha la upande usiopigwa na upepo. Hilo linasaidia ila halichukui nafasi ya kufukua.

Nyumbani ni hesabu ileile. Texas, Februari 2021, umeme ulipokatika watu waliwasha magari gereji na majiko ya mkaa ndani, na wengine walikufa kwa gesi hii. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka madirishani.

Ukimtoa mtu kwenye hewa safi, kiasi cha gesi kwenye damu kinachukua kama masaa manne au matano kushuka nusu, akipewa oksijeni tupu hospitali inakuwa kama saa moja au moja na nusu. Na usijiamini na kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni kwenye damu, kinapima kwa rangi ya damu, na damu yenye kaboni monoksidi ni nyekundu kama iliyoshiba oksijeni, kwa hiyo kinaweza kukuonyesha asilimia 98 huku mgonjwa anazimika mbele yako.