Pesa mpya haitufikii sote kwa pamoja

Hapa Ngamiani, Tanga, wengi huamini Benki Kuu ikichapisha noti, kila mtu hupata fungu lake. Sivyo. Pesa nyingi mpya hata hazichapishwi: huzaliwa benki ya biashara inapomkopesha mtu na kumwandikia tarakimu kwenye akaunti. Mwenye hati ya nyumba ya kuweka dhamana hutangulia kukopeshwa, akanunua saruji na mabati kwa bei ya jana. Mwanauchumi Richard Cantillon alilieleza jambo hili tangu karne ya 18, nami naona ni dhuluma, ingawa hakuna aliyeiba. Mama anayekaanga samaki Mgandini, dhamana yake ni karai na jiko la mkaa. Pesa ile ikimfikia, mafuta ya kupikia yameshapanda, na kipande cha samaki hathubutu kukipandisha, wateja watamkimbia.