Uasidi unaozunguka seli: maana yake ni nini?

Mama mmoja jirani yangu hapa Bukavu hukoroga bikabonati kila asubuhi, kijiko kimoja kwenye kikombe cha maji. "Mwanangu, kansa inapenda asidi," huniambia, "mimi nasafisha damu." Nusu ya maneno hayo ni kweli, na ndiyo inayopotosha.

Uasidi hupimwa kwa pH. Namba ikishuka asidi imeongezeka, na kila hatua moja ni mara 10. Damu hukaa kati ya 7.35 na 7.45, mapafu na figo haziiachii itoke hapo, uwe umekula sambaza kwa ndimu au sombe tupu. Bikabonati ya mama huyo inakutana na asidi kali ya tumbo na kuishia kuwa gesi ya kucheua, na inayobaki hutoka na mkojo.

Wataalamu wa saratani wakitaja uasidi wanamaanisha ule wa majimaji yanayolowanisha seli ndani ya uvimbe. Panda mbio kutoka ziwani hadi soko la Kadutu na mzigo kichwani: misuli ya mapaja inavunja glukosi bila kungoja oksijeni ya kutosha, na asidi inajaa. Ukipumzika, damu inaisomba. Seli nyingi za saratani huishi hivyo muda wote, hata oksijeni ikiwepo. Mjerumani Otto Warburg aliliona hilo miaka ya 1920. Mishipa ya damu ya uvimbe nayo imejisokota ovyo, haisombi vizuri. Basi pH ya pale hushuka, pengine hadi 6.8, yaani asidi mara nne hivi ya ile ya 7.4. Kwa hiyo uvimbe ndio unaotengeneza asidi yake. Haikutoka kwenye sahani.

Sasa DNA, maandishi ya urithi yaliyo ndani ya seli; makosa yakirundikana humo, saratani inaweza kuanza. Hata kwenye seli yenye afya, herufi za DNA hung'oka zenyewe, maelfu kwa siku. Tomas Lindahl, mmoja wa washindi watatu wa Nobeli ya kemia ya mwaka 2015, alionyesha jinsi seli inavyoziba mapengo hayo: kimeng'enya kimoja hukata palipoharibika, kingine huweka herufi sahihi, cha tatu huunga. Mafundi hao ni protini, na protini hushika umbo lake pH ikiwa sawa. Asidi ikipenya ndani, herufi A na G hung'oka upesi zaidi huku mafundi wakizorota. Seli ya saratani ina pampu hodari za kuitupa nje asidi yake, kwa hiyo seli ya kando yake iliyo nzima huumia kwanza. Maabarani, seli zilizokuzwa kwenye asidi na oksijeni haba zimekusanya makosa mengi ya DNA kuliko kawaida.

Pako mahali pamoja ambapo asidi inatangulia saratani: kwenye umio, bomba la chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kiungulia cha miaka mingi hupandisha asidi ya tumbo na nyongo, DNA ya ngozi ya ndani inakatika, na kwa baadhi ya watu ngozi hiyo hugeuka ikafanana na ya utumbo. Wengi wao hawapati saratani, ila hatari yao ni kubwa kuliko ya wengine.

Nilipomweleza mama jirani, alicheka. "Kwani unafikiri bikabonati niliianza kwa nini? Kifua kinaniwaka kila usiku, mwaka wa sita huu." Hajawahi kumwambia daktari. Tumepanga kwenda Jumatatu.