Kilengeo cha tundu: kwa mbogo wa karibu na macho yaliyoanza kuchoka

Kila Julai ikikaribia naletewa bunduki za kufunga skopu, yaani darubini ya kulengea, na mi kabla sijashika bisibisi nauliza kwanza, unaenda kuwinda nini na wapi? Maana kama jibu ni mbogo kwenye miombo au vichaka vya mtoni, kule ambako unampata kwenye mita 30 mpaka 60 na ukimjeruhi unamfuata mpaka mnaonana mita 10, basi skopu peke yake haitoshi, na ile V ya kawaida, kile kilengeo cha nyuma chenye mkato wa V juu ya mtutu, nayo ina shida zake. Hapo nashauri kilengeo cha tundu, yaani kile kiduara kinachofungwa nyuma kabisa karibu na bolti (ile komeo ya kuingizia risasi), unachungulia ndani yake unaona ushanga wa mbele, yaani kile kinundu kidogo kwenye ncha ya mtutu, ushanga unauweka juu ya mnyama, unapiga.

Sasa wengi wanadhani hicho ni kitu cha wanaoshindana shabaha tu. Hapana. Tatizo kubwa la V ni kwamba inalidai jicho lione vitu vitatu kwa mpigo, V yenyewe iliyo karibu, ushanga ulio mbali kidogo, na mnyama aliyeko mita 50 huko, wakati jicho la binadamu linaweza kufokasi umbali mmoja tu kwa wakati. Ukiwa kijana jicho linaruka haraka haraka kati ya hivo vitatu hata hujui, ila ukifika miaka 45 hivi lenzi ya jicho inakuwa ngumu, vya karibu vinaanza kuwa na ukungu, na hapo ndo unasikia mzee analalamika bunduki imeharibika wakati bunduki haina shida yoyote. Tundu linakuondolea kimoja kati ya vile vitatu. Hulitazami, unatazama kupitia kwake, likiwa na ukungu poa tu, acha liwe na ukungu, jicho lenyewe linauvuta ushanga katikati bila wewe kuhangaika. Kazi yako ni kukazia macho ushanga basi.

Na tundu dogo lina faida nyingine. Chukua karatasi itoboe kwa pini, vua miwani, chungulia hapo usome meseji kwenye simu, utaona herufi zimekaa vizuri kuliko bila karatasi. Ni kwa sababu tundu linazuia miale ya pembeni inayoleta ukungu, inapita ile ya katikati tu. Kwa hiyo ushanga na mnyama vyote vinatulia.

Lakini hapa lazima niseme ukweli ambao wauzaji wengi hawausemi, huwezi kupata vyote. Mboni ya jicho kwenye jua kali inabana mpaka milimita 2 au 3, alfajiri inafunguka zaidi ya hapo. Tundu la milimita 1.5 litakupa ushanga mkali kabisa saa nne asubuhi, halafu saa kumi na mbili na nusu mbogo anatoka majini wewe unaona giza tupu. Tundu la milimita 5 linaingiza mwanga wote na ni la haraka sana, ila halikusafishii ukungu kwa sababu ni kubwa kuliko mboni yenyewe. Msimamo wangu ni huu: kwa mbogo na kazi ya vichakani weka kubwa, 5 hivi, na chuma chake kiwe chembamba ili kipotee machoni. Kwa swala wa mita 100 mchana, 2.5 inatosha. Vilengeo vingi vina kidiski chenye tundu dogo, cha kufungua kwa skrubu, kwa hiyo alfajiri unakitoa na tundu kubwa linabaki.

Kuna na suala la urefu kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele. V ya kwenye mtutu inaweza kuwa sentimita 45 kutoka kwenye ushanga, tundu likikaa nyuma unapata 60. Jicho likikosea kwa milimita 1 tu, kwenye mita 50 ile ya kwanza inakutoa sentimita 11, ya pili 8. Kwenye moyo wa mnyama hiyo tofauti sio ndogo.

Ushanga nao usiuchukulie poa. Wa milimita 3 ukiwa mita moja kutoka jichoni unafunika sentimita 15 kwenye mita 50, na 30 kwenye mita 100, kwa hiyo kwa mbali unamfunika swala karibu wote, kuwa na adabu na umbali.

Wenye Brno ZKK za mwanzo, zile bunduki za kuwindia za Kicheki, waangalie vizuri, nyingi zilikuja na tundu limefichwa nyuma ya risiva (lile bodi la chuma linaloshika bolti), unaliinua tu, kuna watu wanamiliki bunduki hiyo miaka na hawajui. Na mwenye Lee-Enfield No. 4, ile bunduki ya zamani ya jeshi la Uingereza, ajue kwamba lile tundu kubwa limepangwa kwa yadi 300, kwa karibu risasi inapanda juu.

Kwenye kaliba nzito, yaani bunduki za risasi nene kama .458, hakikisha tundu halikai karibu na jicho, bunduki inarudi kwa nguvu, nami sikubali kufunga kabla sijamwona mwenyewe ameiegemeza shavuni. Skrubu zipakwe gundi yake, na ukipita majani yenye umande puliza tundu, tone moja la maji linaziba kila kitu.

Kurekebisha ni hivi: kilengeo cha nyuma kinasogezwa kule unakotaka risasi iende, cha mbele kinyume chake. Kiasi gani? Chukua kosa lako zidisha na urefu kati ya vilengeo, gawa kwa umbali wa shabaha. Risasi zimeenda kushoto sentimita 10 kwenye mita 50, urefu sentimita 60, unasogeza cha nyuma kulia milimita 1.2. Piga tatu tena, uangalie. Na ufanye hivyo kwa risasi zile zile utakazobeba porini, ukibadilisha uzito wa risasi rudi kwenye shabaha uanze upya.